Podo za vanila zikidondoka, angalia zimedondoka lini

Mkulima akikuta podo changa (maganda machanga) za vanila zimetapakaa chini, huuliza apulize dawa gani. Aulize kwanza podo hizo zina umri gani.

Ua la vanila hufunguka alfajiri na kufikia mchana linaanza kusinyaa, kesho halichavushiki tena. Kagera na Uganda hakuna nyuki wa kulichavusha kama kwao Mexico, kila podo ni kazi ya mkono. Kwa hiyo ua likianguka siku mbili tatu baada ya kuchavushwa, usilaumu udongo wala mbolea. Uchavushaji haukushika. Mara nyingi kazi ilichelewa mpaka jua kali, au mvua ililowesha chavua. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umalize kabla ya saa tano.

Kijiti cha kuchavushia nacho kiwe na ncha butu, kisitoboe stigma, yaani sehemu ya ua inayopokea chavua. Chana mdomo wa ua taratibu, inua utando mdogo unaotenganisha chavua na stigma, kisha bonyeza kwa kidole gumba mpaka vishikane. Mbinu hii aliigundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841, na hadi leo sijaona kifaa kilichoipiku. Ua lililoshika hunyauka huku limeng'ang'ania ncha ya podo.

Podo iliyokwisha kurefuka kwa wiki kadhaa, kisha ikageuka njano na kuanguka, ina habari nyingine, na hapa tamaa ndiyo inayotuponza. Shada moja hutoa maua 15 hadi 20, na mtu huyachavusha yote. Mmea hauwezi mzigo huo. Huangusha sehemu, zinazobaki huwa fupi na nyembamba, na rando lililochoka hushikwa kirahisi na ugonjwa wa kuoza mizizi. Chavusha maua 8 hadi 10 kwa shada, ya upande wa chini ili podo zining'inie wima. Zikishashika, ondoa vichipukizi vya maua vilivyobaki. Rando dhaifu liache lipumzike msimu huo, hata kama roho inauma.

Kosa jingine ni kupogoa mibono ya kivuli wakati podo bado changa. Jua la ghafla pamoja na ukame huziangusha. Pogoa kabla ya msimu wa maua, ubakize kivuli cha nusu. Mizizi ya vanila hutambaa juu juu, hivyo jembe lisisogee shinani. Tandaza majani makavu ya migomba, na kiangazi kikizidi mwagilia.

Podo zenye madoa meusi baada ya mvua mfululizo zina ukungu. Zitoe shambani uzifukie, upunguze marando yaliyosongamana hewa ipite. Dawa yoyote mwulize kwanza afisa ugani, na kama unauza vanila ya kilimo hai, mwulize pia mnunuzi wako.

Funga uzi wa rangi tofauti kwenye mashada ya kila wiki ya uchavushaji na uandike tarehe daftarini. Podo ikianguka utajua umri wake, na zilizobaki utazivuna kwa wakati, miezi 8 hadi 9 baadaye.