Wafanyakazi wa duka na shoti: kupanga zamu, kukabidhiana na kukata kwa haki

Duka likiwa na wafanyakazi wawili au watatu, ugomvi mwingi huanzia kwenye shoti, yaani fedha au bidhaa kupungua kwenye hesabu. Hesabu haitimii, mwenye duka anakata mshahara, mfanyakazi anaona ameonewa, na baada ya muda mfupi anaondoka. Mara nyingi hakuna aliyekabidhiwa kitu kwa hesabu, hivyo hakuna anayeweza kuulizwa kwa haki. Hatua hizi ni za duka la rejareja nchini Tanzania, na zinafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Hatua ya 1: Mkataba kabla ya siku ya kwanza

Ukurasa mmoja au miwili ya Kiswahili inatosha: jina, umri, jinsia na anwani ya mfanyakazi, kazi yake, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyokokotolewa. Usiandike "muuzaji" ukaishia hapo. Taja nani anapokea mzigo, nani anashika funguo, nani anaruhusiwa kukopesha wateja na mwisho shilingi ngapi. Sainini nakala mbili, kila mmoja abaki na yake.

Mweleze mshahara kwa hesabu. Akilipwa 300,000, mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 20, yaani 60,000. Wewe unatoa 30,000 na yeye anakatwa 30,000. Zinazobaki ni 270,000, ambazo hazifikii kukatwa kodi ya mshahara. Mchango wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ni wako peke yako, usimkate. Asipoelezwa haya mapema, mwisho wa mwezi ataona umempunja.

Hatua ya 2: Zamu zinazoingiliana

Sheria inaweka ukomo wa saa 9 za kazi kwa siku, siku 6 kwa wiki, na jumla ya saa 45 kwa wiki. Kijana anayefungua asubuhi na kufunga usiku siku saba amepita ukomo huo mbali sana, na uchovu wake unaonekana kwenye chenji anayorudisha.

Kwa duka linalofunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 2:30 usiku, mpango huu unafaa:

- Zamu A: saa 1:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, mapumziko saa 6:30 hadi 7:30 mchana.
- Zamu B: saa 6:00 mchana hadi saa 2:30 usiku, mapumziko saa 8:30 hadi 9:30 alasiri.

Kila mmoja anafanya kazi saa 7 na nusu; kwa siku sita ni saa 45 kamili. Aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya kupumzika dakika 60, na mpango huu unampa bila kufunga duka. Kazi ya baada ya saa 2 usiku ina nyongeza ya asilimia 5, kwa hiyo ile nusu saa ya zamu B ilipie. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kama hufungi Jumapili, zamu ni 14 kwa wiki na watu wawili wanamaliza 12; mbili zilizobaki ni za mfanyakazi wa tatu au zako mwenyewe.

Hatua ya 3: Makabidhiano, kila siku, saa 9:30 hadi 10:00

Hapa ndipo duka linaposimama au kuanguka. Fanyeni kwa mpangilio huu, wote wawili wakiwa mbele ya droo:

1. Hesabuni fedha taslimu, toeni chenji ya kuanzia (tuseme 50,000). Inayobaki ni mauzo ya taslimu.
2. Ongezeni malipo ya Lipa Namba (wateja wanaolipa kwa simu), mikopo iliyoandikwa, na matumizi yenye risiti. Jumla ilingane na daftari la mauzo.
3. Chagueni bidhaa 10 zinazotoka haraka au zinazobebeka kirahisi, kama mafuta ya kula, sukari, maziwa ya unga na betri. Zilizokuwepo, jumlisha zilizoingia, toa zilizopo. Mfano: chupa 24 + 12 − 19 = 17 zimetoka. Daftari likisema 15, mbili hazijulikani zilipo.
4. Andikeni tofauti hata kama ni 200, kisha wote wasaini.

Kwa Lipa Namba, meseji iliyo kwenye simu ya mteja si uthibitisho, maana hughushiwa. Angalieni simu ya duka. Pia kagua mara kwa mara kibandiko kilichopo kaunta kama bado kina namba ya duka na si ya mtu mwingine.

Sasa jambo ambalo wenye maduka hawapendi kuambiwa. Shoti nyingi huletwa na mwenye duka na familia yake. Baba anapita kuchukua kilo mbili za sukari, shemeji anachukua soda, mtoto anatumwa "chukua 5,000 kwenye droo". Hakuna kilichoandikwa, na jioni anayeulizwa ni mfanyakazi. Weka daftari la matumizi ya nyumbani, na mpe mfanyakazi ruhusa ya wazi kukataa kutoa kitu chochote, hata kwako, kabla hakijaandikwa. Ruhusa hiyo itamke mbele ya ndugu zako, la sivyo hatathubutu.

Hatua ya 4: Soma shoti kabla ya kumtuhumu mtu

Kusanya wiki mbili. Tofauti ikiwa leo inapungua na kesho inazidi, hayo ni makosa ya chenji au mauzo yasiyoandikwa wakati wa msongamano. Ikipungua daima kwenye zamu ya mtu mmoja na bidhaa ileile, chunguza. Hesabu inayotimia mpaka shilingi ya mwisho kila siku nayo ihoji, kwa sababu pengine inasawazishwa kabla hujafika. Angalia pia kama bei ilibadilika bila wafanyakazi kuambiwa. Maswali yote uliza faragha, si mbele ya mteja.

Hatua ya 5: Kukata, ikibidi

Mfanyakazi akubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Umwandikie chanzo, kiasi na hesabu yake, umpe nafasi ya kupinga, na usikate zaidi ya hasara halisi. Makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa 300,000 robo ni 75,000. Hasara ya 120,000 ni heri kuigawa 40,000 kwa miezi mitatu, maana mtu aliyebaki bila nauli atashawishika kuitafuta kwenye droo. Kugawa shoti kwa wafanyakazi wote "kwa kuwa hatujui nani" hakuna msingi wowote, na kunamfundisha mwaminifu kwamba uaminifu wake hauhesabiki.

Hatua ya 6: Kuonya na kuachisha

Onyo la kwanza liwe kwa mdomo; kosa likirudiwa, onyo liwe kwa maandishi yenye tarehe, kosa na kinachotakiwa. Kosa zito linahitaji kikao: mpe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, aje na mfanyakazi mwenzake, ajitetee, kisha toa uamuzi kwa maandishi. Simu ya "kesho usije" ndiyo huwapeleka wengi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na mfanyakazi ana siku 30 za kulalamika huko kuhusu kuachishwa.

Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28. Siku ya kuondoka mlipe siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuchukua, mpe cheti cha utumishi, kisha hesabuni stoo na droo pamoja na msaini kabla hajakabidhi funguo.