Kulinda Rangi ya Mandharinyuma Unaporekebisha Picha za Bidhaa

Mfanyabiashara wa Dodoma akikupa msimbo wa rangi #F2E6D0 uwe mandharinyuma ya pakiti yake ya zabibu kavu, anatarajia kuukuta msimbo uleule katika picha ya mwisho, wala si rangi inayoukaribia. Katika Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, picha kwa kawaida hupitishwa kwenye AgX, mfumo wa kugeuza mwanga wa picha kuwa rangi za skrini, ambao hupunguza ukali wa mwanga na kuzigeuza hata rangi ulizozipanga kwa usahihi. Kwa hiyo rangi ya mteja usiiweke ndani ya mandhari ya 3D yenyewe. Acha nyuma ya pakiti pakiwa wazi, bila rangi yoyote, toa picha ya aina ya PNG ya biti 16, rekebisha rangi za pakiti peke yake, kisha, marekebisho yote yakiisha, weka chini yake tabaka la rangi ya mteja katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini na wavuti.

Kivuli ndicho kisumbufu zaidi. Kitoe kama tabaka la pekee lisilo na rangi, ukichanganye juu ya mandharinyuma kwa njia ya kuzidisha (Multiply), la sivyo kitabeba wekundu wowote ulioiongezea pakiti.

Usiyaamini macho, hasa jua la mchana linapopiga dirishani. Pima msimbo kwenye faili iliyohifadhiwa, mbali na kivuli, na ukitofautiana, chunguza kwanza profaili ya rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayosema rangi zake zisomwe vipi.