Kufikia hifadhidata ya kazini ukiwa nyumbani kwa SSH

Juzi usiku mwenzangu wa kazini alinipigia akiwa kwake: ripoti ya mwisho wa mwezi inasubiriwa asubuhi, na hifadhidata iko ofisini. Tulimaliza kwa simu kwa kutumia SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa usalama, nikaona niandike.

Ofisi ina seva moja inayofikika kutoka nje, tuiite lango. MySQL, yaani programu inayoendesha hifadhidata, iko kwenye seva nyingine ya ndani, 10.0.0.5, ambayo ukiwa nyumbani huioni. Omba kwanza ruhusa kwa msimamizi wa mifumo.

1. Ufunguo

`ssh-keygen -t ed25519`

Amri hiyo inatengeneza mafaili mawili. Mtumie msimamizi faili lenye `.pub` tu. Lile jingine halitoki kwenye kompyuta yako, hata akiliomba yeye.

2. Fungua njia

`ssh -N -L 3307:10.0.0.5:3306 jina@lango`

Badala ya `jina@lango` weka jina lako la mtumiaji na anwani halisi ya lango. 3307 ni poti (namba ya mlango wa mtandao) ya kwako. Anwani inayofuata inasomwa na lango, si kompyuta yako. Terminali (dirisha la kuandikia amri) itakaa kimya; iache hivyo, fungua nyingine.

3. Ingia

`mysql -h 127.0.0.1 -P 3307 -u jina -p`

Hapa nenda polepole. Usiandike `localhost` badala ya 127.0.0.1. Kwenye Linux na Mac, mysql ikiona `localhost` haipiti kwenye mtandao kabisa: inatumia faili la soketi la kompyuta yako, na ile `-P 3307` inapuuzwa bila onyo. Mimi nilikuwa na MySQL yangu ya majaribio, yenye majedwali yaleyale na nywila ileile. Nikaingia vizuri, nikasahihisha rekodi hadi saa saba usiku. Asubuhi ofisini hakuna kilichobadilika; kazi yote ilikuwa imebaki nyumbani. Ingekuwa kinyume chake, nadhani nimo kwenye majaribio kumbe nafuta data za kazini, sijui ningesema nini. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa kitu naandika:

`SELECT @@hostname;`

Likitokea jina la kompyuta yako, toka.

Ukikataliwa kwa `Access denied` na nywila ni sahihi, kumbuka MySQL inakuona unatokea kwenye lango, kwa hiyo akaunti yako iruhusiwe kutoka anwani ya lango. Terminali ya kwanza ikisema `open failed: connect failed: Connection refused`, lango umelifikia ila 10.0.0.5 haipokei kwenye poti hiyo. Ikisema `administratively prohibited`, mara nyingi msimamizi amefunga `AllowTcpForwarding`, ruhusa ya kupitisha njia kama hii. Zungumza naye, usitafute uchochoro.

4. Isikatike

Programu za kubofyabofya sizipendi, zinaficha kinachoendelea. Hata Windows 10 na 11 zina ssh yake. Weka haya kwenye `~/.ssh/config`, faili la mipangilio ya ssh kwenye kompyuta yako; `ServerAliveInterval 60` ndiyo inayosaidia njia isikatike ikikaa kimya:

```
Host kazini
  HostName anwani-ya-lango
  User jina
  LocalForward 3307 10.0.0.5:3306
  ServerAliveInterval 60
  ExitOnForwardFailure yes
```

Kuanzia hapo ni `ssh -N kazini`, na Ctrl+C ukimaliza.