Kumkumbuka mfanyakazi mwenzetu shuleni, kuanzia tanzia hadi mti

Shule inapofiwa na mpishi, karani, matroni au mwalimu aliyependwa, watu hukimbilia mambo makubwa kabla ya kuzungumza na jamaa zake. Hapo ndipo mengi huharibika. Teueni watu wawili wa kuwa kiungo, mmoja wa ofisi ya mwalimu mkuu na mwingine aliyefanya kazi na marehemu bega kwa bega. Wafike nyumbani mapema, na shule isitangaze lolote kabla hawajarudi.

Huko waulize mambo manne: jina litakaloandikwa, siku ya maziko, dini au kanisa, na lile ambalo familia haitaki lisemwe. Jina si jambo dogo. Mama anaweza kuwa na jina moja kwenye kitambulisho, lingine kwao alikozaliwa, na lingine kwa wakwe, huku wanafunzi wakimjua kwa lakabu tu. Chukueni herufi kutoka kwa kitambulisho au kibali cha mazishi, kisha familia iongeze lile ililolizoea. Waislamu wa Kisumu au Mumias huzika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa hiyo wajumbe wasingoje kikao cha wafanyakazi. Waadventista, ambao ni wengi Kisii na kusini mwa Nyanza, huepuka kuzika Jumamosi.

Wanafunzi waambiwe darasani na mwalimu wao wa darasa, madarasa yote kwa wakati mmoja, kwa maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi moja. Kwenye gwaride, watoto mia kadhaa hulia kwa pamoja na hakuna wa kumshika yeyote. Kwa wadogo semeni "amefariki" na mweleze kwamba hatarudi. Ukisema "amelala", mtoto huanza kuogopa usingizi; ukisema "amesafiri", atamngoja langoni. Chanzo cha kifo kibaki kwa familia mpaka iruhusu.

Katika kazi yote hii, kinachodumu kuliko vyote ni kitabu cha kumbukumbu, na hiki kinastahili bidii yenu kubwa. Nunueni kitabu cha kaunta chenye jalada gumu na kalamu za kawaida za wino mzito. Zile za wino mwepesi huchuruzika tone la maji likianguka. Andikeni kurasa za kulia peke yake, za kushoto zibaki za kubandika picha. Msiwaambie watu "andikeni rambirambi", maana kurasa hamsini zitajaa "pumzika kwa amani" na hakuna atakayemwona marehemu humo. Bandikeni swali juu ya meza: "Alikufanyia nini ambacho hukisahau?" Hapo ndipo mtajua aliyemfichia mtoto sahani ya githeri alipochelewa kutoka kliniki, na aliyejua jina la kila mzazi aliyefika kuulizia karo.

Bawabu, mama wa mboga langoni na mzazi asiyeandika wana mengi kuliko walimu. Warekodini kwa simu, dakika tatu kila mmoja, chumbani na si chini ya bati mvua ikinyesha. Anayezungumza Kiluo, Kinandi au Kiluhya aandikwe vivyo hivyo, bila kutafsiriwa. Baada ya mwezi, toeni nakala ya kitabu: chenyewe kiende kwa familia, nakala ibaki maktabani.

Picha nazo huharibiwa na WhatsApp, ambayo huzipunguza ukubwa zinapotumwa kwa njia ya kawaida. Ombeni zitumwe kama faili. Picha ya sentimita 15 kwa 20 itatoka safi ikiwa na pikseli zipatazo 1,800 kwa 2,400. Chini ya nusu ya hapo, uso hufifia. Picha zenye watoto zinahitaji ruhusa ya wazazi kabla ya kusambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo.

Mchango usipitie akaunti ya shule. Mweka hazina awe na laini isiyo na deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa, kwa sababu kila pesa inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni hilo, na mchango hupungua bila mtu kuiba. Laini ya M-Pesa ya mtu binafsi haishiki zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja. Orodha ibandikwe kila jioni, na mtu wa pili aipitie pamoja na taarifa ya M-Pesa.

Kwenye maziko, shule huwa na msemaji mmoja. Maneno 300 yanatosha dakika tatu. Tukio moja la kweli lisemwe, cheo na vyeti viachwe kwenye wasifu. Basi la wanafunzi liwe limerudi kabla ya giza. Kwa maziko ya mbali na shule, pelekeni wawakilishi wachache badala ya shule nzima.

Mti upandwe mvua zikianza, si siku ya maziko kwa ajili ya picha. Magharibi yote ya Kenya, mti wa siala, au lusiola kwa Waluhya, hustahimili vizuri na hautaki maji mengi. Mkalitusi msiuweke karibu na jengo wala kisima. Chimbeni shimo la sentimita 60 kila upande, mita tano au zaidi kutoka ukutani, udongo wa juu ukae kando ya ule wa chini. Changanyeni ule wa juu na debe la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kwenye uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, udongo mweusi hupasuka kiangazi na kukata mizizi michanga, hivyo tandazeni nyasi kavu, zisiguse shina maana mchwa hupitia humo. Zungushieni miiba dhidi ya mbuzi. Mpeni mtu mmoja, kwa jina, zamu ya kumwagilia likizo ya Desemba. Miti mingi ya ukumbusho hufia hapo.

Kibao cha shaba huibwa na kuuzwa kwa vyuma chakavu. Jiwe laini la Tabaka, Kisii, linapendeza ndani ya ofisi, ila nje hukwaruzika kwa urahisi na herufi hufifia. Nje tumieni graniti iliyochongwa.

Kama mnataka tuzo ya kila mwaka, kusanyeni ya miaka mitano mapema: vitabu vya shilingi 3,000 kwa mwaka ni 15,000 tu. Tangazeni tangu mwanzo kwamba ni ya miaka mitano.

Meza yake ifunguliwe na watu wawili, mmoja akiwa wa familia, kila kitu kiandikwe na kutiwa sahihi. Nambari yake itolewe kwenye kundi la wafanyakazi baada ya kuwaarifu wanawe, kwa kuwa laini isiyotumika huweza kuuziwa mtu mwingine, na asiyejua chochote akajikuta anapokea salamu zenu.