Kutembelea Makumbusho ya Mustakabali Dubai: mwongozo kwa anayetaka kuelewa anachokiona

Wageni wengi ninaowatembeza Dubai ni wafanyabiashara kutoka nyumbani, Afrika Mashariki. Wamefikia mtaa wa Deira, mchana kutwa wako madukani, na mzigo ukishafika kwa wakala wanabakiwa na nusu siku kabla ya ndege. Karibu wote huomba kitu kimoja: wapelekwe kwenye lile jengo la duara lenye maandishi ya Kiarabu na tundu katikati, yaani Makumbusho ya Mustakabali. Nawapeleka kwa furaha, maana ni mahali pa kusoma sayansi kwa macho na mikono. Lakini humo ndani vimechanganywa vitu vya aina mbili: vinavyofanya kazi leo, na vilivyobuniwa kuonyesha maisha ya mwaka 2071, Falme za Kiarabu zitakapotimiza miaka 100. Asiyevitenganisha hurudi na picha nyingi na maelezo machache. Mwongozo huu ni wa kuvitenganisha.

Hatua ya 1: Nunua tiketi mapema

Nunua kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, kwa jina lake la Kiingereza, Museum of the Future. Unachagua siku na saa ya kuingia, kisha unatumiwa tiketi kwenye simu. Usitegemee kuipata mlangoni, kwa sababu saa nzuri huisha mapema. Ilipofunguliwa Februari 2022 kiingilio kilikuwa dirhamu 149, na tangu hapo kimepanda, basi weka akiba. Chagua asubuhi ya Jumatatu hadi Alhamisi. Tangu 2022 mapumziko ya wiki huko ni Jumamosi na Jumapili, na siku hizo familia hujaa. Tenga muda wa saa tatu.

Hatua ya 2: Panda metro

Shuka stesheni ya Emirates Towers, Laini Nyekundu. Ukitokea Deira upande wa Baniyas Square, unapanda Laini ya Kijani hadi Union, unabadilisha hapo. Kutoka Emirates Towers kuna daraja la waenda kwa miguu linalokufikisha makumbusho bila kuvuka barabara ya Sheikh Zayed, na kwa jua la Julai hilo si jambo dogo. Wanaume, angalieni alama za behewa la wanawake na watoto kabla ya kuingia. Kula, kunywa na kutafuna bazoka ndani ya treni kuna faini. Chukua mtandio au koti jepesi, kwani kiyoyozi cha ndani ni kikali.

Hatua ya 3: Simama nje kwanza

Wengi hupiga picha na kuingia. Subiri kidogo, jengo lenyewe ni somo. Lina urefu wa mita 77 na ndani halina nguzo hata moja. Linashikiliwa na ganda lake: vyuma 2,400 vilivyopishana kimshazari vinabeba uzito na kuushusha ardhini. Juu ya vyuma kuna paneli 1,024 za chuma kisichoshika kutu, na idadi hiyo ndiyo ile ya baiti katika kilobaiti moja, vipimo vya data za kompyuta.

Sasa tazama maandishi. Yale si mapambo yaliyobandikwa. Kila herufi ni dirisha, mchana huingiza mwanga na usiku huwaka taa. Msanii Mattar bin Lahej aliyaandika kwa hati ya Thuluthi, mtindo mmojawapo wa mwandiko wa Kiarabu, na ni maneno ya mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid. Aliyepita chuo cha Kurani utotoni ataweza kudokoa neno hapa na pale ingawa herufi zimepandana. Sentensi moja inasema kwamba hatutaishi mamia ya miaka, lakini tunaweza kubuni kitu kitakachodumu mamia ya miaka. Lile tundu la katikati, msanifu Shaun Killa ameeleza kuwa linawakilisha yale ambayo binadamu bado hajayajua.

Hatua ya 4: Ghorofa ya tano, kituo cha anga

Safari huanzia juu na kushuka. Lifti imetengenezwa kama chombo cha anga: madirisha yake ni skrini, na unaona Dubai ikizidi kuwa ndogo chini hadi dunia nzima ionekane. Ukitoka umo ndani ya OSS Hope, kituo cha kubuni kilichowekwa kilomita 600 juu ya dunia. Hiki ni cha aina ya pili, mawazo. Lakini mawazo yake yana mizizi, na hapa ndipo ninapowachelewesha wageni wangu makusudi.

Uliza: kwa nini watu huelea kule juu? Jibu la haraka ni kwamba hakuna mvutano. Sivyo. Kilomita 600 kwenda juu, mvutano wa dunia bado uko zaidi ya asilimia 80 ya huu tunaouhisi hapa chini. Watu wanaelea kwa sababu kituo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja muda wote, huku vikikimbia mbele kama kilomita 7.5 kwa sekunde, kiasi kwamba dunia inajikunja chini yao kabla hawajaifikia. Mtoto wa darasa la sita akielezwa hivyo akiwa amesimama mbele ya skrini ile, hasahau.

Tazama pia mradi unaoonyeshwa pale wa kuvuna nishati ya jua kutoka mwezini na kuirusha duniani. Mwezini hakuna wingu wala vumbi linaloelea hewani, kwa hiyo jua hufika kwa nguvu zake zote. Mradi wenyewe ni wa kubuni, ila kurusha umeme bila waya kumekwisha kujaribiwa. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani, walisafirisha nishati kwa mawimbi ya maikrowevu wakitumia kifaa kilichokuwa angani, na mawimbi yake yakanaswa duniani. Kiasi kilikuwa kidogo sana. Kati ya jaribio lile na mtambo wa mwezini kuna kazi ya miaka mingi, na ni vizuri mgeni alione pengo hilo kwa ukubwa wake.

Hatua ya 5: Msitu na maktaba ya viumbe

Ghorofa ya nne unaingia msitu wa Amazon wa kidijitali, ulioigwa kutoka eneo la Leticia nchini Kolombia. Baada yake kuna chumba chenye giza kilichojaa vichupa vinavyong'aa, kila kimoja na kiumbe chake. Hapa usikimbie. Chagua kiumbe kimoja tu ukisome hadi mwisho: anakaa wapi, yuko hatarini kiasi gani. Chumba kinapendeza mno, na uzuri wake ndio unaowafanya watu wasisome chochote.

Hatua ya 6: Al Waha

Ghorofa ya tatu ni ya kutuliza mwili kwa sauti, mtetemo na mwanga. Weka simu mfukoni, kaa dakika kumi, shuka. Sayansi ni kidogo hapa, ila miguu itashukuru.

Hatua ya 7: Ghorofa ya pili, ndiyo yenye mali

Hapa kuna vitu vya leo: mifano na bidhaa za kweli kuhusu maji, taka, kilimo, chakula na usafiri. Hakuna lifti ya maajabu wala muziki mzito, hivyo wengi hupita wakiwa wamechoka na simu imebakia chaji kidogo. Wewe ifanye ndiyo shabaha ya safari.

Kwa kila kitu kinachokugusa, soma kibao na utafute mambo haya: nani ametengeneza, wa nchi gani, na je, kinauzwa au bado ni mfano wa majaribio? Piga picha kibao, si kifaa peke yake. Kisha muulize mhudumu. Wapo na hupenda kuulizwa. Nilimpeleka fundi wa pampu kutoka Morogoro, akasimama kwenye onyesho la umwagiliaji akauliza maji yale yanahitaji presha gani, na kichujio kikiziba nani anakisafisha. Mhudumu akaenda kumwita mwenzake. Hayo ndiyo maswali ninayowahimiza wote waulize: inakula umeme kiasi gani, vipuri vinatoka wapi, ikiharibika Morogoro au Malindi nani ataigusa.

Hatua ya 8: Watoto

Ghorofa ya kwanza ni uwanja wa watoto wasiozidi miaka 10, na wanafanya kila kitu kwa mikono. Kama una mtoto, mpe muda kamili huko hata ikibidi kuruka Al Waha.

Hatua ya 9: Roboti za ukumbini

Ukumbi wa chini una roboti zinazotolewa kwa vipindi, kwa hiyo muulize mhudumu saa yake unapoingia. Ameca, iliyotengenezwa na Engineered Arts ya Uingereza, ina uso wa kijivu unaokunja nyusi na kutabasamu kwa mota ndogo ndogo zilizofichwa chini ya ngozi ya mpira. Haitembei. Maneno yake hutoka kwenye programu ya akili mnemba, na uso hufuata maneno. Mwambie mtoto atazame macho na midomo huku akisikiliza, ataona pale vinapopishana. Ukimwona pengwini akipaa juu ya vichwa vya watu, ni puto la heliamu: gesi inambeba, mabawa yanamsukuma mbele.

Hatua ya 10: Jioni hiyo hiyo

Ukirudi hotelini fungua picha za vibao na uchague vitu vitatu. Tafuta kila kampuni mtandaoni: bei, mahali inapouza, kama ina wakala Afrika Mashariki. Kinachouzwa, waandikie barua pepe ukiwa bado Dubai, maana wengine wana ofisi hapo hapo na unaweza kwenda kesho yake. Kilicho mfano tu, andika jina lake na mwaka kwenye daftari, ukiangalie tena safari ijayo.