Namna ya kusoma takwimu za nyama ya nguruwe kabla hujajenga banda

Mwezi wa nane kijana wa jirani alinijia hapa Uyole, Mbeya. Baada ya shikamoo, hata kukaa hajakaa, akaninyooshea simu. "Mama, tazama. Sensa ya kilimo ya 2007/08 nguruwe wa Tanzania walikuwa kama milioni 1.6. Ile ya 2019/20 wamefika milioni 3.2. Wameongezeka mara mbili! Nakopa, najenga banda la majike thelathini."

Nikamwambia, mwanangu, kaa kwanza. Kati ya nukta zako hizo mbili nilikuwemo mimi.

Mwishoni mwa 2010 homa ya nguruwe iliibuka Kyela, na mwaka 2011 ikawa imefika hadi Dar es Salaam. Bandani mwangu walikuwemo nguruwe 23. Siku ya kwanza jike mmoja aligoma kula, masikio yakageuka rangi kama zambarau. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nafagia banda tupu na kumwaga dawa. Homa hiyo haina tiba. Sasa chora mstari kutoka 2007/08 hadi 2019/20 uone kama utaliona shimo hilo. Hulioni. Mstari unapanda vizuri kama barabara ya lami.

Kwa hiyo jambo la kwanza: ukipewa miaka miwili tu, dai ya katikati. Mfano mzuri kuliko wote ni China, kwa sababu wao hutoa takwimu kila mwaka. Mwaka 2018 walizalisha tani milioni 54.04 za nyama ya nguruwe. Mwaka 2022 walizalisha milioni 55.41. Anayesoma miaka hiyo miwili peke yake atasema hakuna kilichotokea. Soma sasa ya katikati: 2019 milioni 42.55, 2020 milioni 41.13, 2021 milioni 52.96. Homa ileile ilitangazwa huko Agosti 2018, na katika mwaka mmoja uzalishaji ukapungua kwa zaidi ya tani milioni 11. Bei ikaruka, wafugaji wakajazana kurudi, na nyama iliporudi kwa wingi mwaka 2021 bei ikaporomoka. Waliokopa bei ikiwa juu ndio walioumia. Nilimtaka kijana azisome namba hizo kwa sauti, moja baada ya nyingine, na akazisoma.

La pili, gawanya kwa watu. Nguruwe wameongezeka mara mbili, sawa, lakini na walaji wameongezeka. Sensa ya watu ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Hiyo ni karibu asilimia 3.2 kila mwaka. Kwa miaka 12 ya sensa zako za nguruwe, watu wameongezeka takribani mara 1.46. Gawa 2 kwa 1.46, unapata kama 1.37. Maana yake nguruwe kwa kila mtu wameongezeka kwa asilimia 37 hivi. Ni ongezeko la kweli na linanifurahisha, ila liko mbali na "mara mbili". Tena hao ni nguruwe waliohesabiwa wakiwa hai, wadogo kwa wakubwa, na wengine ni majike ya kuzalisha. Nyama ni hesabu nyingine.

Hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Jedwali moja linahesabu vichwa, lingine tani za mizoga, lingine kilo kwa mtu kwa mwaka. Nguruwe wa kilo 90 akiwa hai hutoa mzoga wa kilo 65 hivi, na ndani ya hizo 65 mifupa imo. Ukiona kwenye majedwali ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, "ugavi" wa kilo kadhaa kwa mtu, usidhani ndizo zilizofika sahanini. Wanachukua kilichozalishwa nchini, wanajumlisha kilichoingia kutoka nje, wanatoa kilichouzwa nje, wanarekebisha akiba na hasara, kisha wanagawa kwa idadi ya watu. Na sisi tunaochinja nyuma ya nyumba siku ya kipaimara, nani anatuandika? Kwa hiyo namba ya machinjioni peke yake huwa chini ya ukweli.

Kwenye majedwali hayohayo kuna safu ndogo ya herufi ambayo watu wanairuka. Isome. A ni namba rasmi ya nchi, E ni makadirio, I ni namba iliyojazwa kwa hesabu pale palipokuwa wazi. Ukiona miaka sita mfululizo nguruwe wanaongezeka kwa kiasi kilekile kila mwaka, jua kuna mtu alikokotoa akiwa mezani. Nguruwe halisi hawazaliani hivyo. Pia mfululizo wa zamani wa ugavi wa chakula unaishia 2013, na mpya, wenye njia nyingine ya kukokotoa, unaanzia 2010. Ukiiunga hiyo miwili kwenye chati moja, mruko utakaouona hapo kwenye kiungo usiuite soko; ni njia ya kukokotoa iliyobadilika.

Sasa sehemu ninayoipenda, maana hapa mfugaji anamzidi mtu wa ofisini. Nyama iliyopo buchani leo ni uamuzi wa mwaka jana. Jike hubeba mimba siku 114, sisi tunasema miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Watoto wananyonya karibu miezi miwili. Kuwanenepesha ni miezi minne au mitano kwa chakula kizuri, na kwa pumba tupu ni zaidi. Jumla karibu miezi 11 tangu siku ya kupandisha. Ukianza na mtamba, yaani jike mchanga, ambaye hajafikia kupandwa, ongeza tena. Basi kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ikipanda bei Krismasi na mtaa mzima ukapandisha majike Januari, nyama ya wote itaingia sokoni pamoja, kuelekea Desemba inayofuata. Ukisoma chati, sogeza macho: bei ya mwaka huu ilinganishe na nyama ya mwaka unaofuata.

Takwimu ya taifa haiwezi kukuonyesha hilo mtaani kwako, kwa hiyo fungua daftari. Mimi kila Jumamosi naandika bei ya kilo buchani Mwanjelwa, bei ya gunia la pumba, na majike wangapi wana mimba katika mabanda kumi ninayoyafahamu. Kwaresima bei hulegea na Pasaka hupanda, hivyo linganisha Machi na Machi ya mwaka uliopita, usilinganishe Machi na Desemba. Na neno la karantini likisikika kutoka wilaya yoyote, liandike na tarehe yake. Siku hiyo usiingize nguruwe wala mgeni bandani, na mabaki ya hotelini usiyalete kabisa.

Kijana alizunguka wiki tatu na daftari lake. Katika mabanda kumi alikuta majike 31 wenye mimba, akaona nyama ya wengi iko njiani. Amejenga chumba cha majike wanne, na mlangoni ameweka beseni la dawa ya kukanyagia.