Ukifika Ulaya, usiwahi kutoka misani: njia ya kusikia vinanda vya mabomba

Wanakwaya wa hapa Bukavu wakishapata viza huja kuniuliza, mimi mpiga kinanda wa parokia, tiketi ya konseti ya kinanda cha mabomba (kile kikubwa cha kanisani kinacholia kwa hewa) kule Ulaya ni bei gani. Ndugu, tiketi iache kwanza. Tafuta ratiba ya misa.

Kwetu padri akishatuaga kwa amani, kwaya inapandisha wimbo wa kutokea, ngoma zinaitika, watu wanatoka wakicheza. Kule watu wanatoka polepole huku mpiga kinanda, peke yake kule juu, akianza kile kipande kirefu alichokifanyia mazoezi wiki nzima. Wewe baki kwenye kiti chako. Hakuna atakayekudai hata senti.

Paris ndiyo shule nzuri ya jambo hili. Nenda kanisa la Saint-Sulpice Jumapili asubuhi. Kinanda chake kilikamilishwa na fundi Cavaillé-Coll mwaka 1862, kina safu tano za vibonye vya mikono, mbali na zile za miguu, na misa ikiisha hupigwa muziki mzito hasa. Hapo ndipo alipopiga mtunzi Widor: aliwekwa kwa muda tu mwaka 1870, akaachia kiti mwishoni mwa 1933. Na sisi tunadhani kukaimu cheo maisha yote kumeanzia wizarani Kinshasa! Mchana huohuo ulizia kanisa la Saint-Eustache. Kathedrali ya Notre-Dame nayo ilifunguliwa tena Desemba 2024. Kinanda chake kikubwa, chenye mabomba kama 8,000, hakikuungua katika moto wa Aprili 2019, ila kilijaa vumbi la madini ya risasi, kikabidi kufunguliwa na kusafishwa. Kuingia ni bure. Anayekuuzia nafasi nje ni mwizi.

Ukiwa Brussels kwa jamaa zako wa Matonge, mtaa wa Wakongo, panda hadi kathedrali ya Mikaeli na Gudula. Kinanda cha fundi Grenzing, cha mwaka 2000, kimening'inia ukutani juu ya waumini kama kiota cha mbayuwayu. Usikae chini yake. Vuka upande wa pili, sogea mbele kidogo, sauti itakufikia ikiwa imeshachanganyika.

Uingereza wana ujanja wao. Mchana makanisa ya London, Westminster Abbey na St Paul's, hutoza watalii pesa nyingi, lakini sala ya jioni inayoimbwa na kwaya, kwa kawaida saa kumi na moja, haina kiingilio. Mwambie mlinzi umekuja kusali, na usali kweli. Hakuna makofi, hakuna simu.

Ujerumani, Leipzig inatosha: katika kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako mtunzi Bach alifanya kazi kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, kwaya huimba Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri. Unalipia kijitabu cha programu, pesa kidogo.

Kuhusu majira: kwaya nyingi za Ulaya hupumzika Julai na Agosti, lakini miezi hiyohiyo ndiyo ya matamasha ya vinanda. Haarlem, Uholanzi, hupigwa kiangazi kinanda cha mwaka 1738 ambacho Mozart alikigusa 1766, akiwa na miaka kumi. Kwaresima usitegemee makubwa kwa Wakatoliki, na tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu hadi ule wa mkesha wa Pasaka kinanda hakipigwi peke yake kabisa.

Kwenye intaneti andika "audition d'orgue" kwa Kifaransa na jina la mji, au "Orgelkonzert" kwa Kijerumani. Hata hivyo mimi naamini zaidi karatasi zilizobandikwa mlangoni mwa kanisa. Ukisoma "libre participation", wanapitisha kikapu mwishoni. Weka sarafu mfukoni mapema. Na vaa koti, hata ndani. Mawe yale hayajui joto.

Ukitaka kukiona kinanda chenyewe, muombe msakristia akupeleke kwa mpigaji baada ya misa. Mwambie unapiga kinanda cha umeme parokiani Kadutu, hapa Bukavu, na kwamba umeme ukikatika mnaendelea na ngoma. Wengi wanacheka, wanakupandisha ngazi, na ukiwa na bahati wanakuachia kiti dakika chache. Vua viatu vyenye matope kabla ya kugusa vibonye vya miguu.